Kwa nini mto huu? Kisa cha Ngarenanyuki, 1951

Mtajie mtu aliyesoma shule Arusha jina la Ngarenanyuki na atakujibu haraka: Kirilo Japhet, Umoja wa Mataifa, Wameru kufukuzwa. Yaani mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwenye ardhi ya mto huu chini ya Mlima Meru, na Kirilo, msemaji wao, akapeleka malalamiko hadi Umoja wa Mataifa. Kisa kimeshakuwa cha New York kuliko cha mtoni. Wazee wenyewe husema tu "Kirilo alikwenda Uno", yaani Umoja wa Mataifa, na mwenye kusikiliza anaona suti, meza ndefu na bendera.

Mimi nimeoa huko. Nimekisikia kisa hiki miaka mingi nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani kwa baba mkwe, na kule hakianzi na New York. Kinaanza na ng'ombe na maji ya chumvichumvi. Kwa muda mrefu nilidhani ni wazee wanapotea njia katika kusimulia, hadi nilipoanza kuwekea hadithi zao ramani. Ndipo nikaona kwamba wao ndio walioshika shina, na sisi tuliokariri tarehe tumeshika tawi. Swali langu katika uchambuzi huu ni moja: kwa nini watu waliopewa ardhi nyingine, tena serikali ikisema ni kubwa kuliko waliyoiacha, walikataa katakata?

Barabara yenyewe inakufundisha nusu ya jibu. Unashuka Usa River kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, unapanda gari la Momela. Mwanzo ni migomba na kahawa, udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, maana barabara ya umma inakatiza humohumo. Twiga anasimama kando na abiria hawainui hata macho kwenye simu. Ukitokea upande wa pili, baada ya Momela, unafikiri umevuka mkoa. Migunga. Vumbi jepesi la majivu ambalo likiingia kwenye nguo halitoki kwa fua moja. Kilimanjaro imekaa kulia kwako, na mbele kabisa nyika inateremka kuelekea Longido na mpaka wa Kenya. Na bado uko kwenye mlima uleule mmoja.

Sababu ni upepo. Mvua ya kaskazini mwa Tanzania inakuja na upepo wa Bahari ya Hindi, na Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, unaikamua yote upande wa kusini na kusini-mashariki. Kinachovuka kwenda kaskazini ni mawingu yaliyokwisha kazi. Kwa hiyo mlima mmoja una nchi mbili. Kusini ni nchi ya kihamba, yaani mgomba, kahawa na ng'ombe wawili wa kufungia ndani. Kaskazini na kaskazini-mashariki ni nchi ya malisho, na huko mwenye mto ndiye mwenye kila kitu.

Mto wenyewe unatoka tumboni mwa mlima. Maelfu ya miaka iliyopita ukuta wa mashariki wa Meru ulibomoka, ukamwaga mawe na tope hadi bondeni. Vilima vidogovidogo unavyoviona Momela, na maziwa yaliyokaa katikati yake, ni masalia ya mporomoko huo. Shimo la volkano likabaki wazi upande mmoja kama kikombe kilichovunjika mdomo. Hapo ndipo Ngarenanyuki inapotokea: inashuka mashariki, inakunja kaskazini, inapita Olkung'wado ambapo ndipo palipo na senta yenye maduka, mashine za kusaga na gulio, kisha inazidi kukonda kadiri inavyoingia nyikani.

Jina ni la Kimaasai. Engare ni maji. Nanyokie ni nyekundu. Majirani zake wa jina wapo kila mahali: Engare Nairobi ya Siha ni maji ya baridi, na mji mkuu wa Kenya umetokana na maneno hayohayo, Engare Narok ni maji meusi. Nanyuki ya Kenya ni pacha kabisa wa hii yetu. Nalitaja jina kwa sababu linasema jambo ambalo kila upande wa kesi ulikuwa na haja ya kulisahau, kwamba kabla ya Mmeru na kabla ya Mzungu, Mmaasai alikuwa ananywesha hapa. Mpaka leo katika vijiji vya Ngabobo na Uwiro ukisikiliza gulioni utasikia Kimaasai na Kimeru vikipishana katika sentensi ileile.

Sasa tuingie kwenye ardhi ilivyofungwa.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa Meru, na Wajerumani wakajibu kwa mapigo makali yaliyoacha watu wamekufa na ng'ombe wametekwa. Walipomaliza, walianza kugawa ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 waliletwa Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakapewa upande wa kaskazini mwa mlima; wengine, Wajerumani na Wagiriki, wakapata kusini, chini ya vihamba. Ukichora mashamba hayo yote unapata pete. Mmeru yuko katikati: juu yake msitu wa serikali, chini yake shamba la mlowezi, na watoto wanaongezeka.

Hapo ndipo Engare Nanyuki, kama ilivyoandikwa wakati huo, ilipokuwa mlango. Baada ya Vita ya Kwanza, Waingereza walipotaifisha mashamba ya Wajerumani, Wameru walijichangisha na kununua baadhi ya ardhi hiyo ya upande wa mto. Hili naomba lisipitwe haraka. Waliinunua. Fedha ilitoka mkononi mwao ikaingia mkononi mwa serikali. Wakahamishia huko mifugo, wakajenga nyumba, kanisa na shule, wakachimba mifereji. Mtu alikuwa na kihamba kwao Akheri au Nkoaranga na ng'ombe kwa mdogo wake Engare Nanyuki. Ndizi zinakwenda kaskazini, maziwa na mbolea na mahari vinakuja kusini. Familia moja, nchi mbili, mlima katikati.

Baba mkwe anapofika hapa huwa anainua viganja viwili na kuviunganisha vidole. "Mkwe, hii ni kihamba, hii ni boma. Sasa wewe nikate mkono mmoja, uniambie nimebaki na mkono."

Mwaka 1946 serikali ya Tanganyika iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza tatizo la ardhi Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka 1947. Tatizo lililompeleka lilikuwa la kweli: Wachaga, Wameru na Waarusha walikuwa wamebanana milimani. Ila tiba aliyoandika inashangaza hata leo. Kati ya Kilimanjaro na Meru kulikuwa na ukanda wa Sanya, ambako mashamba ya walowezi na ardhi ya Waafrika viliingiliana kama viraka. Wilson akaona viraka hivyo ndiyo kasoro. Akapendekeza Waafrika wa Engare Nanyuki waondolewe, ardhi yao iunganishwe na ya walowezi, ukanda wote uwe wa Wazungu, wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa katika mashamba makubwa 13. Wameru wapelekwe King'ori, kusini-mashariki ya mlima, pamoja na kupewa vipande vingine vya mashamba vilivyorudishwa.

Nitawatendea haki waliopanga. Kwa karatasi, hesabu yao ilikuwa na mantiki. Ekari walizoahidi zilikuwa nyingi kuliko walizochukua. Waliahidi maji King'ori, walifyeka vichaka, walitenga fedha za fidia. Walikuwa pia na hofu, ambayo haikuwa ya uongo mtupu, kwamba malisho ya kaskazini yanamalizwa na mifugo mingi na udongo unapeperuka. Afisa aliyekaa Arusha na ramani mbele yake angeweza kulala usingizi akiamini amewafanyia Wameru hisani.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Walipima ekari kwa ekari, kana kwamba ardhi ni kitambaa dukani. King'ori iko chini zaidi, kwenye joto. Kule mbu ni wengi na malaria ilikuwa inajulikana; Engare Nanyuki iko juu, usiku unavuta blanketi. King'ori kulikuwa na ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe aliyetoka mahali ambapo hajauzoea. Mfugaji aliyehamisha kundi lake kule alikuwa anajua anahesabu ndama wa kuzika. Na kubwa kuliko yote, King'ori haikuwa na kitu ambacho Mmeru alikosa. Shamba la mahindi la ziada hakulihitaji sana. Alihitaji mahali pakavu, pa baridi, penye maji mwaka mzima na udongo wa magadi ambao ng'ombe wanaulamba. Sifa hizo zote kwa pamoja, kuzunguka mlima mzima, ziko mahali pamoja tu, na mahali hapo panafuata mto.

Ndiyo sababu mlowezi alipataka pia. Hapa pana kejeli ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha: tume na Wameru hawakubishana kuhusu matumizi ya ardhi. Wote walikubaliana kwamba ile ni nchi ya ng'ombe. Walibishana ng'ombe wa nani.

Wameru wakasema hawaondoki. Mangi Sante, chifu wa Wameru, alionekana kuwa upande wa serikali, na hilo likafungua ufa mwingine ndani ya Meru kwenyewe. Watu wakajipanga nje ya utawala wa mangi, wakaunda umoja wao, wakaanza kuchanga. Gavana Edward Twining alikataa kurudi nyuma.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari walifika. Wanaokijua kilimo cha kwetu wataona ubaya wa tarehe hiyo bila kuelezwa: Novemba ni vuli, mbegu iko ardhini. Watu wapatao 3,000 waliondolewa katika wiki zilizofuata. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakurusha jiwe. Walikaa. Walioulizwa majina ya kuandikiwa fidia walikataa kuyataja, maana mwenye kupokea fidia amekubali kuuza. Nadhani huu ndio ulikuwa uamuzi wenye akili kuliko yote katika kisa chote, na haukufanyika New York, ulifanyika pale pale mtoni, na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

King'ori ikabaki na nafasi. Waliofukuzwa walipanda kwa ndugu zao mlimani, wakajibana kwenye vihamba vilivyokwisha kuwa vidogo. Kwa hiyo tume iliyoundwa kupunguza msongamano iliongeza msongamano.

Baba mkwe alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakumbuki moto. Anachokisimulia ni alichosimuliwa na mama yake: kwamba walipofika kwa baba mkubwa upande wa mvua, ng'ombe waliosalia walikuwa wakisimama usiku wametazama kaskazini. Sijui kama ni kweli kwa ng'ombe. Kwa mama yake naamini ilikuwa kweli.

Sehemu ya Uno nitaipita kwa kasi kwa kuwa inajulikana, ila kuna jambo moja la kisheria ambalo lazima likae mahali pake. Tanganyika haikuwa koloni. Kuanzia 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mkazi wake alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake moja kwa moja. Ng'ambo ya mpaka, Mkikuyu aliyenyang'anywa ardhi hakuwa na mlango huo. Wameru waliuona mlango, wakaupitia. Wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, alifika mbele ya Baraza la Udhamini katikati ya 1952. Baraza lilisikitika, halikurudisha ardhi. Kirilo Japhet mwenyewe alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu mwishoni mwa mwaka huo, Mtanganyika wa kwanza kuzungumza pale, miaka zaidi ya miwili kabla ya Nyerere. Kamati ilipitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru. Lilipopelekwa kwenye kikao cha wote halikupata theluthi mbili, likaanguka.

Kwa hiyo kisheria walishindwa. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa hawapendi nikisema hivyo, lakini ndivyo. Kilichobaki ni kwamba Kirilo alirudi 1953 akiwa mtu aliyezisimulia shida za kwao mbele ya dunia, akazunguka akieleza, na TANU ilipozaliwa Julai 1954 Meru haikuhitaji kufundishwa siasa ni nini.

Na walowezi? Mpango wao haukudumu. Ile nchi ni ya ng'ombe, ni kweli, lakini ni ya ng'ombe wanaohama. Mvua ikikosekana unawapandisha, ikinyesha nyikani unawashusha. Na ng'ombe aliyefungiwa ndani ya waya wa shamba moja hana pa kwenda. Mmeru alikuwa na kihamba cha kumshikilia mwaka mbaya. Mlowezi alikuwa na benki. Ukanda wa Wazungu watupu uliochorwa na tume haukupata kusimama kama ulivyochorwa, na hatimaye Wameru wakarudi mtoni. Ukipita leo kwenye makaburi ya Olkung'wado utasoma koo zilezile za mlimani: Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mto haujamaliza.

Waliorudi hawakurudia ufugaji peke yake. Waligeukia mfereji. Leo Ngarenanyuki ni nyanya na vitunguu. Msimu ukifika, Fuso zinajipanga senta na matenga yanapangwa hadi yanapita urefu wa kichwa cha gari. Maji yanagawanywa kwa zamu. Mwenye zamu ya saa nane usiku anakwenda na jembe na tochi, anafungua kwa udongo na jani la mgomba, na akichelewa kufunga anasikia maneno asubuhi. Kila anayechepusha juu anampunguzia wa chini, na wa chini kabisa ni mfugaji, yuleyule ambaye jina la mto ni la lugha yake. Bei ya nyanya ikiwa nzuri mto haufiki mbali. Sitaki kulifananisha moja kwa moja na 1951, si mambo ya uzito mmoja. Nasema tu kwamba ubishi wa nani anywe kwanza haukuondoka na walowezi.

Halafu kuna meno. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto huu unazidi kiwango hicho mara nyingi, na maziwa ya Momela zaidi tena. Mtoto anayekunywa maji haya wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi huota meno ya kahawia, yenye vishimo. Wengine mifupa hupinda miguu. Kuchemsha hakusaidii, mvuke unaondoka, floraidi inabaki, kwa hiyo maji yaliyochemka sana ni mabaya zaidi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaongeza. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unainasa floraidi vizuri, ila mkaa huo unachoka na unabidi kubadilishwa, na hapo ndipo vichujio vingi vinapogeuka kuwa ndoo za kuhifadhia unga.

Kwa hiyo maji ambayo watu 3,000 walikataa kuyauza, na ambayo kesi yake ilivuka bahari, si maji matamu. Nilimwuliza baba mkwe kama zamani walijua. Alicheka wazi, meno yake yote ya mbele rangi ya chai ya rangi.

"Tulijua ni ya ng'ombe," akasema. "Sisi tulikuwa tunanywa maziwa."

Mama mkwe anazo ndoo mbili jikoni. Ya bluu ni ya mvua, inayokingwa kwenye bati na kufunikwa kwa sahani, ya chai na ya wajukuu. Ya njano ni ya mtoni, ya kuoshea vyombo na kunyweshea ndama. Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa Oktoba, mvua haijaja, na ya bluu ilikuwa tupu. Alinipa chai. Sikuuliza ndoo ipi.